Mgeni, Tua Mzigo Wako

Je, umewahi kulala katika nyumba ya wageni? Huenda umewahi. Siku hizi watu wengi wa vijijini husafiri. Tunakwenda kuuza mazao, kuuguza wagonjwa, kuzika, kuposa na kuwatembelea watoto wetu. Usiku ukitukuta njiani, tunatafuta nyumba ya wageni. Wengine huiita gesti. Tunalipa, tunapewa ufunguo, kisha tunapewa kitabu tuandike. Wengi wetu huandika haraka haraka bila kufikiri. Tunataka kulala tu.

Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Leo nataka nikueleze yaliyonipata Tura, katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Sikukusudia kulala hapo hata usiku mmoja, lakini nililala siku nne. Nilimdhania vibaya mtu aliyekuwa akiniokoa. Naona aibu kuyasema, lakini nitayasema. Huenda yakakusaidia utakapokuwa safarini, au utakapopata mgeni nyumbani kwako.

TURA NI MAHALI GANI?

Ukitoka Manyoni kwenda Tabora utapita Itigi, kisha utaingia katika pori kubwa. Reli ya Kati inapita huko. Wajerumani waliijenga kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi kuna lami pia. Kipande cha kati ya Chaya na Nyahua kilizinduliwa mwaka 2022. Zamani kipande hicho kiliwatesa sana wasafiri wakati wa masika.

Lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko reli na lami. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita huko ikitoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo. Misafara ya nguo, shanga na nyaya ilipita huko ikitoka pwani kuja bara. Mpagazi mmoja aliweza kubeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Alizibeba begani au kichwani kwa miezi mitatu au zaidi.

Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori lililoogopwa sana. Waliliita Mgunda Mkali, maana yake shamba kali. Maji yalikuwa haba na miiba ilikuwa mingi. Msafara ukilivuka pori hilo kutoka mashariki, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kilikuwa Tura.

Mwingereza Richard Burton alipita Tura mwaka 1857 pamoja na mwenzake John Speke. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliandika kwamba maana ya jina Tura ni "tua", yaani weka chini mzigo wako. Alieleza kwamba mtu akitoka mashariki au magharibi, lazima asimame hapo siku kadhaa. Ndugu msomaji, wewe mwenyewe sikiliza neno hilo. Tura, tula, tua. Si maneno ya mbali. Na kule mwisho wa njia, watu wengi husema jina la Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Basi njia hii ina mji wa kubwaga moyo upande wa pwani, na kijiji cha kutua mzigo upande wa bara.

Hayo yote sikuyajua siku niliposhuka Tura. Niliyajua baadaye, nilipokuwa na sababu ya kuuliza.

NILIVYOFIKA

Mimi ni mkulima wa alizeti na karanga, naishi Wilaya ya Manyoni. Kijana wangu alitaka kuoa binti wa Tabora. Wazee tulikwisha kuelewana. Mshenga wetu yuko Tabora mjini, na siku ya kupeleka mahari ilikuwa imepangwa. Nilifunga shilingi 850,000 katika kitambaa, nikazificha ndani ya shati. Nilipanda basi siku ya Jumanne.

Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu Jumapili. Mke wangu aliniambia niende nikapime. Nilikataa. Nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu nikasema safari haingoji. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ndani ya basi mwili ulianza kutetemeka. Nilitapika mara mbili. Tulipofika Tura nikaona siwezi kuendelea. Nilimwomba utingo anishushe. Niliwaza kwamba nitalala usiku mmoja, nipate nguvu, kesho nipande basi jingine. Sikumpigia simu mtu yeyote. Simu yenyewe ilikuwa karibu kuzima.

Kijana mmoja alinionyesha nyumba ya wageni. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya matofali ya kuchoma na bati, yenye vyumba sita vinavyotazamana na ua. Ua ulikuwa umefagiwa. Kulikuwa na mwembe mkubwa, na chini yake mtungi wa maji wenye kata na kifuniko. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mwenye umri wa kumzidi dada yangu mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Pole na safari. Mbona unatetemeka?"

"Ni uchovu tu, mama."

Alinitazama kidogo, kisha akaleta kitabu.

KITABU CHA WAGENI

Unakijua kitabu hicho. Kina mistari na vyumba vidogo vidogo: tarehe, jina kamili, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi. Mama yule alikuwa ameongeza chumba kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Kilisema: "Nikipatwa na jambo, aarifiwe nani?"

Ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MGENI, KABIDHI FEDHA KWA MWENYE NYUMBA. FEDHA ISIYOKABIDHIWA HAINA DHAMANA.

Nilisoma yote mawili. Mimi najua kusoma. Lakini ndani ya basi nilisikia watu wakizungumza habari za wezi wanaowafuata wasafiri wenye fedha. Nikaogopa. Nikawaza kwamba nikiandika jina langu na safari yangu, watajua ninapeleka mahari. Basi niliandika jina moja tu la utotoni ambalo hata watoto wangu hawalijui. Penye "unakotoka" niliandika "safarini". Penye namba ya simu nilipiga mstari. Penye "aarifiwe nani" niliandika "Mungu".

Mama alisoma polepole. Alipofika mwisho alisema, "Mungu anajua tayari, baba. Mimi nilitaka mtu."

Niliona kama ananichunguza. Nikajibu kwa ukali kidogo, "Nimelipa fedha ya chumba, mama. Nataka kulala."

Hakubishana nami. Alinipa ufunguo, ndoo ya maji ya moto na taa ndogo ya jua. Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kitanda cha mninga, shuka nyeupe iliyofuliwa mara nyingi, na chandarua kisicho na tundu. Niliweka kitambaa cha fedha chini ya mto. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Baada ya hapo sikumbuki mambo kwa mpango.

ASUBUHI YA SIKU YA TATU

Nakumbuka baridi. Nakumbuka mlango ukigongwa, kisha kishindo. Nakumbuka nikiwa juu ya pikipiki, mtu amenishika kwa nyuma. Nakumbuka harufu ya dawa. Nakumbuka kijiko cha uji.

Akili iliponirudia ilikuwa Ijumaa asubuhi. Jogoo waliwika, jua liliingia dirishani. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kupeleka mkono chini ya mto.

Hapakuwa na kitu.

Nilipekua shuka. Nilipekua godoro. Mlango ulikuwa wazi na kitasa kilikuwa kimevunjwa. Nikasema moyoni: nimeibiwa. Wamenilevya kwa dawa, wamevunja mlango, wamechukua mahari ya mwanangu. Nilitoka nje nikiyumba. Mama alikuwa chini ya mwembe anapepeta karanga.

Ndugu msomaji, sikumwamkia. Mtu aliye sawa na mama yangu, nyumbani kwake, asubuhi. Nilimwambia kwa sauti kubwa, "Fedha zangu ziko wapi?"

Wapangaji wawili walitoka vyumbani kutazama. Mama aliweka ungo chini. Uso wake haukuonyesha hasira. Alimwita mjukuu wake akamtuma mbio kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kisha akaniambia, "Kaa kwenye kigoda, baba, utaanguka. Tunamngoja mwenyekiti. Sifungui bila yeye."

Mwenyekiti alifika. Mama akaingia ndani akatoka na kitabu cha wageni na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kamba. Alikifungua kitabu mahali palipokuwa na jina langu la uongo. Chini yake palikuwa na maandishi mengi. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza akasoma kwa sauti, neno baada ya neno:

"Jumatano. Mgeni wa chumba namba 4 hakuamka. Tumegonga, hajajibu. Tumevunja mlango mbele ya mwenyekiti. Ana homa kali, hasemi jina. Fedha iliyokutwa chini ya mto, Sh. 850,000. Imehesabiwa mara mbili. Pikipiki kwenda zahanati na kurudi, siku mbili, Sh. 8,000. Zahanati, Sh. 7,000. Uji na maziwa, hakuna malipo. Baki Sh. 835,000. Imewekwa katika kopo."

Chini palikuwa na sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya mama, na alama ya dole gumba la mwenye pikipiki.

Kamba ilifunguliwa. Tukahesabu. Zilikuwa Sh. 835,000, zikiwa bado ndani ya kitambaa changu.

Sikujua niweke wapi macho yangu. Nilisema, "Shikamoo mama."

Akaitika, "Marahaba baba. Umeamka salama?"

KILICHOKUWA KIMENIPATA

Ilikuwa malaria kali. Zahanati walinitoa damu kidogo kidoleni wakapima, wakaona vimelea. Kwa kuwa sikuweza kumeza, walinichoma sindano kwanza. Nilipoanza kumeza nikapewa vidonge vya dawa mseto. Vidonge hivyo humezwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, baada ya kula. Mtu huona nafuu kabla havijaisha, lakini lazima avimalize vyote. Akivikatiza, baadhi ya vimelea hubaki mwilini na ugonjwa hurudi.

Usidhani mbu wa Tura ndiye aliyeniambukiza. Malaria haitokei siku ile ile ya kuumwa na mbu. Vimelea hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza. Mimi nilitoka nayo nyumbani kwangu. Nilibeba mzigo ambao mke wangu aliuona, mimi nikaukataa.

Nilipochaji simu niliipigia nyumba yangu. Mke wangu alilia kwanza, kisha akanigombeza. Walikuwa wamekwisha kutoa taarifa polisi. Mshenga alikuwa amezunguka stendi ya Tabora siku mbili akiuliza kila basi. Wakwe walikuwa wamepika, wakangoja, na chakula kikalala. Wengine walianza kusema kwamba nimekimbia na mahari.

Yote hayo yangezuiwa na mistari miwili katika kitabu. Mama alikuwa na simu, na alikuwa tayari kumpigia mtu. Simu yangu hakuweza kuitumia. Ilikuwa imezima, na walipoichaji ikadai namba za siri. Kitabu kilimwambia amwarifu Mungu.

KWA NINI MAMA ALIKUWA MKALI KUHUSU KITABU

Mchana wa Ijumaa nilimwomba msamaha. Nilimwuliza pia kwa nini aliongeza kile chumba cha "aarifiwe nani". Hakujibu mara moja. Aliendelea kuchambua karanga.

Kisha aliniambia kwamba miaka ya nyuma alipata mgeni aliyefika usiku. Kitabu kilikuwa kimejaa, naye alikuwa hajanunua kingine. Akamwambia mgeni ataandika kesho. Usiku ule yule mtu akafariki. Katika mfuko wake hapakuwa na karatasi yoyote. Polisi walikuja, wakaulizia huku na huku. Hakuna aliyemtambua. Kijiji kikamzika.

"Nilimpa maji ya kuoga, nikampa chakula," mama alisema. "Jina sikumpa nafasi ya kuniachia. Labda ana mama yake anangoja mpaka leo. Nitampelekea nani habari?"

Baada ya hapo alinunua vitabu viwili. Kimoja kinatumika, kingine kinangoja. Na kila mgeni lazima aandike kabla ya kupewa ufunguo.

Nilimwuliza alisoma wapi. Akacheka. Alipokuwa binti hakupelekwa shule. Kaka zake walipelekwa. Alijifunza kusoma katika darasa la kisomo mwaka 1975, chini ya mti, akiwa msichana mkubwa. Mzee mwenzangu utakumbuka. Serikali ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu ya serikali, waliobaki bila kujua walikuwa karibu mmoja tu katika kila kumi. Mama yule alikuwa mmoja wa waliovuka. Ndiyo maana anasoma kwa kuweka kidole chini ya neno. Mwalimu wake alimfundisha hivyo, na hajaacha.

Basi tazama, ndugu msomaji. Mimi niliyekwenda shule nilitumia kalamu kuficha ukweli. Mama aliyejifunza chini ya mti alitumia kalamu kuulinda. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mtu bila daftari anaweza kupotea bila habari.

WALIOPITA BILA KUANDIKWA

Jioni ile mwenyekiti alikuja kunijulia hali. Ndiye aliyenieleza habari za misafara na maana ya jina la Tura. Tulizungumza mpaka usiku.

Siku za misafara hapakuwa na gesti. Wageni walipiga kambi, au walilala katika tembe za wenyeji. Hawakulala bure siku zote. Walitoa nguo ya merikani, kaniki, au shanga. Wenye vyeo walipewa nyumba nzima. Hapo Kwihara, karibu na Tabora mjini, ipo tembe walimokaa David Livingstone na Henry Stanley mwaka 1872. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho, unaweza kwenda kuitazama.

Majina ya wakubwa hao tunayafundisha watoto wetu shuleni. Yameandikwa vitabuni. Pia tunalijua jina la Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepita njia hii na Burton na Speke mwaka 1857, akapita tena na Stanley mwaka 1871. Lakini wapagazi waliobeba mizigo yao walikuwa mamia. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Wengi wao hatuyajui majina yao. Wengine walikufa kwa ndui, kwa njaa au kwa kiu katika Mgunda Mkali. Na watumwa waliopitishwa humo kwa minyororo hawakutua mzigo wowote kwa hiari yao. Wao wenyewe walihesabiwa kama mizigo. Hakuna aliyewauliza, "Aarifiwe nani?"

Nilipolala usiku ule niliwaza sana juu ya watu hao. Niliwaza na juu ya yule mgeni aliyezikwa na kijiji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitabu cha wageni si cha polisi peke yao, wala si cha kodi peke yake. Ni heshima ambayo mwenyeji humpa mgeni. Anamwambia: wewe ni mtu, una kwenu, na kwenu patajulikana.

JEMBE LA MGENI

Jumamosi asubuhi nilipata nguvu. Mama alituletea chai chini ya mwembe. Nataka nikueleze chai ile. Kulikuwa na chai ya maziwa, matobolwa, karanga za kukaanga na kibakuli cha asali. Kama hujui, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikauke. Hukaa miezi mingi bila kuharibika, na ni akiba nzuri ya wakati wa njaa. Asali ilikuwa ya porini, nyeusi kidogo, yenye harufu ya maua ya miombo. Mkoa wa Tabora unasifika kwa asali. Chai hiyo imo katika bei ya chumba. Wapangaji wote tulikula pamoja: dereva wa lori, mwalimu aliyehamishwa, na mama mmoja aliyekuwa anampeleka mtoto wake hospitali.

Nilisema, "Mama, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi leo ni siku ya tano tangu nifike. Nipe jembe."

Akacheka sana. "Jembe utaanguka nalo. Chambua karanga."

Basi nilichambua karanga za mbegu mpaka saa nne. Kazi hiyo naijua, kwa kuwa mimi ni mkulima wa karanga. Nilitenga zilizojaa kwa mbegu, nikaweka kando zilizovunjika kwa kula, nikatupa zenye ukungu. Karanga zenye ukungu zina sumu, usile wala usimpe mtoto. Nilimweleza mama jambo hilo, naye akaliandika katika daftari lake. Nilifurahi kwamba na mimi nimemwachia kitu.

Nilitaka kulipa kitasa kilichovunjwa. Alikubali. Nilitaka kulipa uji. Alikataa. "Imekwisha kuandikwa kwamba hakuna malipo," alisema. "Kitabu hakibadilishwi."

Nilimwomba pia nifute maandishi yangu ya uongo. Hilo nalo alilikataa. "Usifute. Andika mstari mwingine chini yake."

Nikaandika. Tarehe. Jina langu kamili, la baba na la babu. Kijiji changu. Kazi yangu. Ninakokwenda, kupeleka mahari ya mwanangu. Namba ya simu ya mke wangu. Penye "aarifiwe nani" niliandika jina la mke wangu, na chini yake jina la mama mwenye nyumba.

Akasoma kwa kidole mpaka mwisho. Alipoliona jina lake alinyamaza. Kisha akasema, "Haya. Sasa umelala kwangu."

Nilipanda basi, nikafika Tabora siku ile ile. Wakwe walinipokea baada ya kunicheka. Mwanangu ameoa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu msomaji, kabla sijaweka kalamu chini, nakuomba uyashike mambo haya machache.

Kwanza, usisafiri na homa. Kapime kwanza. Dawa ya kutuliza maumivu huficha homa, lakini haiui vimelea vya malaria. Ukipewa dawa mseto, maliza dozi yote.

Pili, waambie watu wa nyumbani njia utakayopita. Ukishuka mahali ambapo hukukusudia, wajulishe kabla simu haijazima. Namba mbili za ndugu zako ziandike kwenye karatasi, uiweke mfukoni. Karatasi haiishi chaji wala haina namba za siri.

Tatu, ukifika katika nyumba ya wageni, jaza kitabu sawasawa. Andika jina kamili na kwenu. Ukikabidhi fedha, hakikisha imehesabiwa mbele yako, imeandikwa, na wewe umeweka sahihi. Mwenye nyumba asiyetaka kuandika fedha uliyompa, usimwachie fedha.

Nne, kama wewe ndiye mwenyeji, hata kama huna gesti, mwulize mgeni wako jina lake na la kwao kabla ya usiku kuingia. Mpe maji, mpe chakula, mwulize na hilo. Fedha ya mgonjwa usiishike peke yako. Mwite kiongozi, hesabuni, andikeni.

Tano, kama bado hujui kusoma vizuri, au umesahau, usione haya kurudi darasani. Wala usione haya kuweka kidole chini ya neno. Kidole kama hicho ndicho kilichonirudishia fedha yangu na heshima yangu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tura ilikuwa kinyume. Mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Nilishuka hapo nikiwa na mizigo miwili, homa mwilini na shaka moyoni. Homa ilitoka kwa sindano na vidonge. Shaka niliitua chini ya mwembe ule, mbele ya kitabu kilichofunguliwa.

Nawe ukipita njia ile ya Itigi na Tabora, ukaliona jina la Tura kibaoni, kumbuka maana yake. Tua mzigo wako. Lakini kwanza andika jina lako.